Mrejesho: kamera ndogo ya kutembea nayo Kampala

Wakuu, niliwauliza nichukue ipi kati ya Ricoh GR III na Sony RX100 ile ya kwanza ya 2012, kwa picha za kila siku. Nimechukua Sony, ya mtumba. Ricoh sensa yake (kipande cha ndani kinachonasa mwanga) ni kubwa zaidi, sibishi, ila haina zumu wala flashi, na bei yake ilinishinda.

Asanteni aliyesema niipime kabla ya kulipa: nilielekeza lenzi angani, f/11 (tundu la lenzi dogo kabisa; namba ya f ikipanda, tundu linapungua na mwanga pia), nikakuza picha kutafuta madoa ya vumbi. Ilikuwa safi.

Usiku ndipo inaponifurahisha. Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa mtaani kwetu, mwanga wake ni balbu moja tu juu ya kikaango, lakini kwa f/1.8 hata mvuke wa mayai unaonekana. Ukivuta zumu mpaka mwisho unabaki na f/4.9, giza linarudi. Bora usogee mwenyewe. Mwili wake unateleza, kwa hiyo juu ya boda mkanda wa mkononi ni lazima. Kuchaji ni kwa waya wa USB, pawabenki inatosha umeme ukikatika.