Naomba ushauri: vifaranga waliopinda mgongo

Ndugu wafugaji, hamjambo? Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba hapa Kasarani. Kati ya vifaranga 9 wa tetea mmoja, ambao sasa wana wiki 10, watatu wamepinda mgongo, na nikimpapasa mmoja wao nahisi mfupa wa kidari umejikunja kama herufi S, ingawa anakula vizuri na kunishinda mbio. Nimewaongezea chokaa kwenye chakula na vitamini D3 kwenye maji, nikawa nawatoa juani kila asubuhi (banda lao, nakiri, lina kivuli mno), lakini wiki tatu zimepita bila nafuu. Jogoo ni ndugu wa tetea huyo. Je, hii ni dosari ya kurithi au ni matege ya ukosefu wa vitamini? Na je, wazazi wao niwatenganishe?