Naomba ushauri: wivu wa kulinda ndoa unageuka lini kuwa wa kubana?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Sisi wasimamizi wa ndoa hapa Kirumba tumekwama na wanandoa wetu. Mke hununua dagaa Ukerewe, na kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukififia hulala Nansio siku mbili tatu. Mume anadai nywila ya simu ya mkewe na kupigiwa kila saa. Ameshika Kutoka 34:14, Mungu mwenye wivu. Mke anamjibu kwa 1 Wakorintho 13:4, upendo hauhusudu. (Kamusi haitatuamulia: Kigiriki cha hapo na cha 2 Wakorintho 11:2, Paulo anapolionea kanisa wivu wa Mungu, ni kitenzi kilekile, zeloo.)

Tulijaribu wiki 2 za kuachiana simu wazi. Ikawa mbaya zaidi, kila meseji ya mteja ikageuka kesi. Simu moja tu ya saa 2 usiku imetuliza kidogo.

Tunauliza: pasipo kosa lolote, msimamizi aruhusu ukaguzi wa simu au aukatae kabisa? Na tuanze na hofu ya mume, au na ratiba ya safari?