Ofisi iache kumsukuma nahodha afunge meli gatini kwenye upepo mkali

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mimi ni baharia, kazi yangu ni kamba, kwenye kivuko kikubwa cha abiria na magari. Juzi tulizunguka nje ya bandari karibu masaa mawili. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, unatusukuma mbali na gati. Abiria walitutukana, na hao nawaelewa, walikuwa wamechoka na watoto wanatapika. Kinachonichoma ni ofisi. Kila baada ya dakika chache wanapiga: "Mbona hamjafunga? Kuna watu wanasubiri safari ya kurudi!" Mwisho nahodha akaingia.

Anayepiga simu ile anadhani tunaegesha basi. Basi lina breki, meli haina. Halafu kivuko ni ukuta wa chuma, sitaha za magari chini, za abiria juu yake, yaani tanga usiloweza kulikunja. Ubavu wenye mita za mraba 4,000 ukipigwa sawasawa na upepo wa kilomita 55 kwa saa, unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 60. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne! Panka za ubavuni pale omo, yaani mbele ya meli, zinazotusogeza kando, kwetu hazifiki hata nusu ya tani hizo.

Sasa nahodha afanyeje? Akipunguza mwendo, usukani unakosa maji ya kuushika na meli inachukuliwa kwenda demani, yaani kule upepo unakoelekea. Akiongeza, panka za ubavuni zinapoteza nguvu na gati linamjia kasi kuliko anavyoweza kusimama. Nafasi iliyobaki katikati ni ndogo mno, na pigo moja la upepo linaimaliza.

Ndilo lililotupata. Kamba ya kwanza ya omo ilikuwa imeshashika kigingi, tunaivuta, pigo likaja. Omo ikaanza kwenda. Kamba ikakaza mpaka ikalia, tukapiga kelele watu watoke, ikakatika. Ilirudi ikapiga pale pale mwenzangu alipokuwa amesimama. Alikuwa ameruka sekunde chache tu kabla. Ana watoto watatu.

Ofisini waliuliza nini baadaye? Bei ya kamba.

Tagi moja, ile meli ndogo yenye nguvu ya kusukuma na kuvuta meli kubwa, ikitusukuma kutoka upande wa bahari ingetusaidia sana. Tuliiomba tangu asubuhi, tukaambiwa ni gharama. Kikomo cha upepo kwetu hakijaandikwa popote, kwa hiyo kila siku nahodha anabishana na mtu aliyekaa kwenye kiti. Nataka namba iandikwe: upepo ukifika hapa bila tagi, hatufungi, na hakuna anayeruhusiwa kupiga simu kwenye chumba cha usukani wakati meli inakaribia gati.

Walio kwenye vivuko vingine, kwenu kikomo kimeandikwa? Ni kilomita ngapi kwa saa, na nani mwenye neno la mwisho?