Kujiandikisha kwa GP (daktari wa kliniki ya mtaa) England bila bili ya nyumba

Mgeni_Leeds: Wakuu, mtu anasubiri jibu la ombi la hifadhi ya ukimbizi, analala kwa rafiki, bili zote si za jina lake. Mapokezi kwa GP wanadai pasipoti na bili ya umeme. Afanyeje? Dawa je, atalipia?

Kasuku: Hilo si sharti. Kuandikishwa kwa GP hakuhitaji kitambulisho, uthibitisho wa anuani wala hati ya uhamiaji. Ajaze fomu, aandike anuani anapolala. Asiye na makazi kabisa anaweza kutumia anuani ya kliniki yenyewe. Wakikataa, aombe sababu kwa maandishi. Wanapaswa kuitoa ndani ya siku 14. Mara nyingi ukitaja neno "maandishi" fomu inapatikana papo hapo.

BiMkubwa: Dawa ni pauni 9.90 kwa kila aina, si kwa cheti kizima cha daktari. Ili asilipe anahitaji HC2, cheti cha msamaha wa gharama kwa wenye kipato kidogo. Akiwa hana, ajaze HC1, fomu ya kukiomba. Watu hukwama hapa: HC2 haijafika, wanatia tiki ya msamaha nyuma ya cheti cha daktari, baadaye inakuja faini. Afadhali alipe na adai risiti ya FP57 palepale dirishani, maana haitolewi baadaye. Adai kurudishiwa pesa ndani ya miezi 3.

Kasuku: Na mkalimani ni bure. Amwombe anapoweka miadi, si akishafika, na aseme Kiswahili cha Kongo au cha pwani. Mtoto asigeuzwe mkalimani, tafadhali.