Naomba ushauri: kanuni za kutaja bei kwenye mnada wa mahakama (mtumbwi na mashine, Mwanza)

Mwana wa Igombe (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Igombe, wilayani Ilemela, na nimeona tangazo la dalali wa mahakama kwamba mtumbwi wa mbao na mashine yake ya Yamaha ya nguvu farasi 15 vitauzwa kwa mnada wa hadhara ili kukaza hukumu ya deni (yaani aliyeshinda kesi alipwe kutokana na mauzo). Minada ya samaki ya mwaloni (ufukweni wanaposhushia samaki) ninaizoea, lakini huu wa mahakama sijawahi kuuhudhuria. Naomba kufahamishwa: nikishataja bei, ninaweza kuiondoa? Fedha hulipwa lini? Na nitajuaje kwamba wanaoshindana nami ni wanunuzi wa kweli, si watu waliopangwa kunipandishia bei?

Kipanga wa Nyegezi
Mkuu, ukishataja bei umejifunga. Usifungue mdomo kama fedha hazimo mfukoni.

Karani Mstaafu
Kwa heshima, nusu ya kwanza ya jibu hilo si sahihi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kwamba mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapogonga nyundo au anapotangaza kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo kila mtaja bei ana haki ya kuiondoa bei yake. Hata hivyo, soma masharti ya mnada kabla ya kusaini chochote, kwa kuwa wapo madalali wanaodai amana ya kushiriki, na masharti ya kurudishiwa amana hiyo ndiyo yanayoweza kukubana.

Kuhusu malipo, watu wengi huchanganya kanuni za nyumba na za mali inayohamishika. Kwa nyumba au kiwanja kinachouzwa kwa amri ya mahakama, mshindi huweka asilimia 25 papo hapo na kumaliza salio ndani ya siku 15; akishindwa, amana inaweza kutaifishwa na mali ikauzwa upya. Kwa mtumbwi na mashine, bei hulipwa wakati wa mauzo, au mara baada ya hapo kwa maelekezo ya msimamizi wa mauzo, na ukichelewa mali inarudi mnadani mara moja. Dai stakabadhi, maana ndiyo uthibitisho wa ununuzi wako.

Kuhusu wapandishaji wa kupangwa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamkataza mdai aliyeshinda kesi kununua bila ruhusa ya mahakama, na inamkataza kabisa mtu yeyote mwenye wajibu katika mauzo hayo, dalali mwenyewe akiwamo, kutaja bei kwa njia yoyote, hata kwa kumtumia mtu mwingine. Ukimwona kijana wa ofisi ya dalali anataja bei, omba jina lake liandikwe, na ulalamike mahakamani mapema.

Fundi Mashine Kirumba
Mimi niseme kuhusu chombo chenyewe, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Omba kukagua kabla ya siku ya mnada. Linganisha namba iliyobandikwa kwenye mabano ya mashine (sehemu inayoishikiza kwenye mtumbwi) na iliyoandikwa kwenye tangazo. Fungua skrubu ya oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na ukarabati huo si wa bei ndogo. Kwenye mtumbwi, achana na rangi (rangi mpya ndiyo inayonitia shaka zaidi), uchomeke kisu kwenye mbao zilizo karibu na mkuku (uti wa mgongo wa mtumbwi, chini), kisha uangalie kalafati ya viungo (kizibo kinachozuia maji kupita kati ya mbao). Baada ya hapo ndipo upange kikomo chako, ukitoa ndani yake gharama ya ukarabati na ya leseni ya uvuvi, na ukiandike kwenye karatasi. Kwenye minada nimeona watu wazima wenye akili timamu wakigombea kwa hasira kitu ambacho dukani kinapatikana kipya kwa bei ile ile.

Mwana wa Igombe
Nawashukuru sana. Limeibuka jambo: nasikia mtumbwi ni wa mdaiwa, lakini mashine ni ya ndugu yake aliyemkodisha. Je, nikinunua vyote kwa pamoja nitakuwa salama?

Karani Mstaafu
Hapo simama kwanza. Kwenye ziwa letu ni kawaida mtumbwi kuwa wa huyu, mashine ya yule na nyavu za mwingine, na mahakama huuza haki aliyonayo mdaiwa tu, si haki ya ndugu yake. Mwenye mashine anaweza kuleta pingamizi mahakamani dhidi ya ukamataji, na akithibitisha kwamba ni yake, mashine itaachiliwa. Nenda masjala ya mahakama (ofisi ya majalada ya kesi) ukiwa na namba ya shauri iliyo kwenye tangazo, uulize kama pingamizi limefunguliwa. Halafu mwulize dalali kama mtumbwi na mashine vitauzwa kama fungu moja au mawili, kwa kuwa kila fungu huhesabiwa kuwa mkataba wake. Vikiwa mawili, taja bei ya mtumbwi peke yake. Vikiwa moja na pingamizi bado halijaamuliwa, mimi nisingetaja bei siku hiyo.

Fundi Mashine Kirumba
Na huyo ndugu mwombe risiti ya ununuzi wa mashine. Kama ipo, itakuwa na ile namba ya kwenye mabano.