Mtu wangu ameanguka kura za maoni za udiwani. Naombeni ushauri, kura yangu niipeleke wapi?

MshonajiMbagala

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, leo nautoa kwa sababu usingizi unanipaa.

Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani, naishi huku Mbagala. Nina kadi ya chama mwaka wa 19 sasa (chama sikitaji, naomba na nyie msikitafute humu). Safari hii nilikuwa mjumbe wa kura za maoni za udiwani kwenye kata yetu (ule mchujo wa ndani ya chama wa kumpata mgombea), na nilisimama na mama mmoja jirani yangu.

Sikusimama naye kwa ujirani. Masika ile maji yalipoingia ndani mpaka yakagusa godoro, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari la shule, anaandika maji yamefika wapi, yametokea upande gani, mtaro umeziba kwa nani. Daftari hilo nimelishika. Kurasa zimevimba kwa unyevu, peni ya bluu imechuja, lakini inasomeka: "Maji magotini. Watoto wawili wamelala kwa jirani. Choo kimetitia." Kurasa na kurasa hivyo hivyo. Na ndiye aliyekisimamia kikundi chetu cha akina mama mpaka tukapata mkopo wa halmashauri, tukanunua vyerehani, tukarejesha mpaka shilingi ya mwisho.

Alipata kura 61. Aliyeshinda alipata 74. Usiku wa kuamkia kura kuna watu walipita na bahasha, hata mimi niligongewa mlango, nikakataa. Nani aliwatuma sijui, kwa hiyo sitamsingizia mtu.

Sasa tumeitwa kikao cha kuvunja makundi, ili wote tumuunge mkono aliyeshinda. Mume wangu anasema chama kwanza, watu baadaye. Mdogo wangu anasema nimpe mgombea wa chama kingine, kijana mwalimu, mtu wa heshima kwa kweli. Wajumbe wenzangu wawili wamesema siku hiyo watalala nyumbani. Nikaenda kwa mwenyewe nimsikie. Nilimkuta uani anachambua mchele. Hakuinua uso, akaniambia: "Nenda ukampigie kampeni. Mimi nimeshampigia simu nikampongeza." Nilirudi kwangu nikalia.

Mliopitia hili, mliamuaje?

KakaTandika

Pole sana dada. Mimi nakwambia susa. Chama kikishazoea kwamba mtu yeyote kikimsimamisha mnampa, kila mwaka mtaletewa wa bahasha.

BintiWaKeko

@KakaTandika nakupinga kwa nia njema. Asipokwenda, nani atajua kwa nini hakwenda? Wanaojumlisha hawaandiki kwamba mama fulani amebaki nyumbani kwa uchungu wa 61 kwa 74. Wataandika tu waliojitokeza ni wachache, basi.

Halafu dada, kumbuka kituoni unapewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Kila moja ina sanduku lake na uamuzi wake. Uchungu wako uko kwenye ile ya diwani peke yake. Ukilala nyumbani umezipoteza zote tatu kwa kosa la moja. Na ukiitumbukiza ile ya diwani bila alama yoyote, inaingia kwenye kura zilizoharibika pamoja na za waliokosea kuweka alama. Hakuna atakayetofautisha yako na zao.

Mpendamageuzi

Kwani huyo mama hawezi kusimama mwenyewe bila chama? Kata nzima si inamjua?

MsomaKatiba

Hawezi mkuu. Sheria zetu zinataka mgombea adhaminiwe na chama, na kwa Rais na Mbunge limeandikwa kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 39 na ya 67. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipigania suala hilo la mgombea binafsi miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, ikampa haki mwaka 2013. Katiba haikubadilishwa. Ndiyo maana akianguka kura za maoni ana njia mbili tu: akae, au ahame chama. Hapo ndipo wapiga kura kama dada huyu wanapobanwa.

MzeeWaTemeke

Binti yangu, nisikilize, mimi nimekula chumvi.

Mwaka 2015 Mheshimiwa Lowassa, waziri mkuu wa zamani, jina lake lilipokatwa Dodoma kwenye mchujo wa urais wa CCM, mwezi wa saba, mimi nilikuwa mtu wake damu. Alipohamia Chadema mwisho wa mwezi ule ule, nami nikahama. Nilirudisha kadi niliyoishika tangu ujana. Kaka yangu tuliyenyonya ziwa moja alinitoa kwenye orodha ya waalikwa wa harusi ya mwanawe. Oktoba Lowassa akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, hazikutosha. Machi 2019 akarudi nyumbani kwake kwa zamani, CCM. Simlaumu, Mungu amrehemu, mtu ana haki ya kurudi alikotoka. Lakini mimi na kaka yangu tulikuwa hatujasalimiana miaka minne, na hakuna mkutano wa hadhara uliotupatanisha. Tulipatana msibani.

Sikwambii usihame. Nakwambia ukihama, hama kwa sababu ya kitu utakachobaki nacho hata huyo uliyemfuata akirudi.

MshonajiMbagala

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma huku mikono inatetemeka. Mimi na mume wangu hatujaongea vizuri tangu Jumapili.

Msomaji_Sinza

Shikamoo haikuwa yangu mimi, ila niongezee hapo kwa mzee. Wamarekani wana kura zao za mchujo na jambo hili linawatokea kila baada ya miaka minne. Mwaka 2008 Hillary Clinton na Barack Obama walivutana mpaka mwezi wa sita. Kuna wafuasi wa Clinton waliapa hawampi Obama hata wachinjwe. Clinton mwenyewe akasimama akawaomba wamuunge mkono, na kufika Novemba wengi wao walikuwa wamesharudi. Mwaka 2016 watafiti waliwauliza wapiga kura waliokuwa wamemchagua Bernie Sanders kwenye mchujo. Takriban 12 katika kila 100 walisema walimpa Trump. Wengi wa waliobaki walikwenda kwa Clinton.

Wao kati ya mchujo na uchaguzi wana miezi mitano au zaidi ya kupoa. Sisi tunapewa muda mfupi zaidi, kidonda bado kibichi, tunaambiwa tuvunje makundi kwa kikao kimoja na soda. Kwa hiyo dada, usijishangae kwamba bado unalia.

Mlalahoi_Buguruni

Hilo la bahasha mbona mnalipita? Takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu tangu 2006. Kama uligongewa mlango, nenda TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ukaeleze ulichokiona wewe mwenyewe, sura na saa, usiongeze cha kuambiwa. Kulalamika humu hakumzuii mtu.

MamaWaViwiliwili

Dada yangu, mimi nimekaa upande wa mama yako huyo. Niligombea udiwani, si Temeke, nikaanguka kwa kura 9. Naomba nikwambie kitu kuhusu ule mchele.

Siku niliyowaambia watu wangu wakampigie kampeni aliyenishinda, sehemu ya moyo wangu ilikuwa ya kweli na sehemu ilikuwa inaogopa. Nilikuwa natazamia viti maalumu vya udiwani vya wanawake, na viti hivyo hugawiwa kwa kufuata kata ambazo chama kimeshinda. Sisemi naye yuko hivyo. Nasema neno lake kwako ni ushauri wa mtu aliyeumia, si amri. Hakuinua uso kwa sababu angeinua angelia, na wewe ungejua.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndiye anayekaa kwenye baraza wakati bajeti inapita, zikiwemo zile asilimia 10 za mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mtaro wenu na mkopo wa kikundi chenu vyote vinapita mikononi mwake, awe wa bahasha au awe yule mwalimu. Mama yako ameanguka, lakini lile daftari halikupigiwa kura. Liombe. Mpelekee aliyeshinda, kisha mpelekee na mwalimu. Usiwaulize watafanya nini, wote wataahidi. Angalia nani anasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

BintiWaKeko

Mama, hapo nimekuelewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe.

KakaTandika

Mimi bado nasusa. Ila wewe dada fanya alivyosema mama.

MshonajiMbagala

Wakuu, narudisha mrejesho baada ya siku sita.

Mama alinipa daftari. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akasema nisilirudishe likiwa limekunjwa. TAKUKURU nimekwenda, nimeeleza nilichokiona, wameandika.

Aliyeshinda alinipokea vizuri, watu walikuwa wengi sebuleni kwake. Alifungua kurasa mbili tatu, akasema "kazi nzuri sana hii," akamkabidhi kijana wake alipige picha. Mwalimu nilimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Alisoma kimya muda mrefu, halafu akaniuliza huu mtaro unaanzia wapi, kwa sababu kwenye daftari nyumba za juu hazimo. Sikuwa na jibu. Kweli hazimo.

Nimemwambia mume wangu yote haya jana usiku. Hakusema chama kwanza. Aliuliza tu kama mwalimu ana viatu vya kutembelea kwenye tope. Jumamosi tunapanda wote kwenye nyumba za juu, mimi, mume wangu, mwalimu, na mama amesema atakuja. Aliyeshinda nimempelekea ujumbe wa kumualika pia, umeonyesha amesoma, bado hajajibu.