Karo ya uuguzi kwa sharti la kutumikia mashambani: tutie sahihi?

Mama wa Likoni
Assalaam alaykum. Binti yangu amepata nafasi ya diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na mfadhili mmoja yuko tayari kumlipia karo na malazi kwa miaka yote mitatu, mradi akihitimu atumikie miaka mitatu katika zahanati yoyote ya ndani ya Kwale au Tana River atakayopangiwa. Mkataba una kurasa nne na unataka sahihi yangu kama mdhamini. Akiuvunja, tutarudisha fedha zote pamoja na riba ndani ya siku 90. Sina pingamizi na anakopelekwa, kwani nyanya yake ni wa Kinango. Ninachoogopa ni deni. Je, kuna aliyepitia njia hii?

Muuguzi wa Kinango
Wa alaykum salaam, dada. Mimi nilisomeshwa kwa mkataba wa aina hiyo. Kazi haikunishinda, ingawa usiku wa mvua, pikipiki zikikwama na mama mwenye uchungu akaletwa kwa mkokoteni, wewe ndiwe mkunga na wewe ndiwe mshika tochi. Kilichonikondesha ni kungoja ajira. Tangu ugatuzi, wauguzi wa zahanati za serikali huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, wala mfadhili hana sauti huko. Nilikaa miezi kumi na minne na leseni yangu mkobani, huku mfadhili akiniandikia kwamba sijaanza kutumikia na kwamba huenda nikadaiwa. Hebu usome tena: mkataba wako unasemaje nafasi zisipotangazwa?

Mstaafu wa Changamwe
Naunga mkono swali hilo. Mkataba unaomfunga mwanafunzi bila kumfunga mfadhili kwa lolote baada ya masomo ni mkopo uliovishwa kanzu ya msaada. Marekani wana mpango wa National Health Service Corps, uliotokana na sheria ya mwaka 1970: mwanafunzi hutumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa, na haipungui miwili, naye avunjaye ahadi hudaiwa mara tatu ya fedha za muda ambao hakuutumikia. Ni adhabu kali, lakini vituo vyenye upungufu hutambuliwa na serikali yenyewe, kwa hiyo mhitimu hujua pa kutafutia kazi. Huku kwetu, anayeogopa kufungwa anaweza kuomba HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo tangu mwaka 2013 ina Mfuko wa Afya Elimu kwa wanafunzi wa vyuo vya tiba. Ni deni pia, tena lenye wadhamini, ila halikuchagulii zahanati. Basari ya kaunti au ya eneo bunge hairudishwi, lakini mara nyingi haitoshi karo yote.

Mama wa Likoni
Shukran sana, ndugu zangu. Ukurasa wa tatu unasema muda wa kutumikia “utaanza siku ya kuripoti kituoni”, na hakuna mstari hata mmoja unaotaja mwajiri ni nani. Nimewaandikia kuomba kiongezwe kifungu kwamba akikosa ajira kwa miezi sita baada ya kupata leseni, bila kosa lake, deni lisimamishwe na aruhusiwe kutumikia katika kituo cha misheni au cha shirika katika maeneo hayohayo. Wameahidi jibu wiki ijayo. Fomu za HELB tutazijaza vilevile, kwa sababu chuo kinafungua Septemba.